Injini Husukwa Nakuru, Hupimwa Sachangwan

Ukungu ukitanda Sachangwan, barabara husikika kabla haijaonekana. Malori yanayopanda kutoka Salgaa hunguruma kwa gia nzito, yale yanayoteremka hupumua breki za hewa kwa mkupuo, na kando ya lami wauzaji wa viazi na karoti hupanga debe zao kana kwamba hawasikii lolote. Katika kelele hiyo ya dizeli, injini ya petroli yenye silinda sita zilizojipanga mstari mmoja haijifichi. Haina kishindo. Ni mvumo mmoja usio na pengo, unaopanda kadiri mguu unavyokanyaga. Silinda moja ikikosa kuwaka, hata asiyejua gari hugeuza kichwa.

Mlima huu umezoeleka kutajwa kwa ajali, na kwa sababu nzito. Lakini kwa fundi wa Nakuru aliyemaliza kusuka upya injini ya gari la kale la michezo, hapa ndipo mahali pa kujua kama kazi yake imekaa sawa. Mji wa Nakuru uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara kuu ya Eldoret hupita Salgaa, ikapanda Sachangwan, ikakaribia mita 2,500 upande wa Mau Summit. Yote hayo ni safari isiyofikia kilomita 60. Injini huvuta mlima kwa muda mrefu, hewa ikizidi kuwa nyepesi, na kila kasoro iliyofichika gereji hupata nafasi ya kujitokeza.

Kuna magari ya kale ya kila aina katika nchi hii, lakini moja lina haki ya pekee ya kutumiwa kama mfano hapa: Datsun 240Z.

Haki hiyo ilitokana na mbio za magari za Safari, zilizoanza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Kwa miaka mingi zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, aghalabu wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimegeuza barabara za nyanda za juu kuwa uji. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata wawili hao walirudi na gari jipya la milango miwili, lenye boneti ndefu na mgongo mfupi, wakashinda tena. Lilikuwa 240Z. Nyuma yao, katika nafasi ya pili, alikuwa kijana mzaliwa wa Uganda, Shekhar Mehta, naye katika 240Z.

Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta. Yeye na msoma ramani wake, Lofty Drews, walimaliza wakiwa wamefungana pointi na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa katika Datsun nyingine. Mshindi alipatikana kwa kuangalia ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi ya kwanza. Mehta alipewa ushindi, akaja kuongeza mingine minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Gari lililoshinda 1971 lilirudishwa Japani. Mwaka 2013 wahandisi wa Nissan waliojitolea, wakifanya kazi nje ya saa zao za kawaida, walilifufua likatembea tena.

Kinachowavutia mafundi wa huku katika gari hilo ni injini yake, iitwayo L24. Ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, bloku ya chuma cha kusubu, kichwa cha alumini, kamshafti moja juu ya kichwa na kabureta mbili. Krankshafti imekalia bearingi saba, na ndiyo maana injini hii husifiwa kwa uimara. Kiwandani ilihesabiwa kuwa na nguvu za farasi 151 kwa mizunguko 5,600 kwa dakika. Tena ina ndugu. Injini ya L16 iliyokuwa katika Datsun 1600 ni ya ukoo huo huo, silinda nne badala ya sita, na kipenyo cha silinda zake ni kile kile, milimita 83. Kwa mtu anayezunguka maduka ya spea ya Kirinyaga Road jijini Nairobi, barabara ambayo wakongwe bado huiita Grogan, undugu wa aina hiyo una thamani ya pesa taslimu.

Kipande cha mti

Kufumua L24 huanza na kifaa ambacho hakiuzwi katika duka lolote la zana: kabari ya mti. Mnyororo wa taimingi unaounganisha krankshafti na kamshafti hukazwa na kijipistoni kidogo kilichofichwa nyuma ya kifuniko cha mbele. Fundi akifungua gia ya kamshafti bila kuubana kwanza mnyororo kwa kabari, kijipistoni hicho huruka. Hapo kazi ya kung'oa kichwa tu hugeuka kuwa kazi ya kufungua mbele yote ya injini. Kwa hiyo kabari huchongwa mapema, ikafungwa kamba ili isidumbukie ndani.

Kichwa kikishatoka, silinda husimulia maisha ya gari. Karibu na ukingo wa juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, kidole hukutana na kijituta. Chini ya kijituta hicho chuma kimelika. Juu yake kimebaki kama kilivyotoka kiwandani. Katika Bonde la Ufa mlaji mkubwa ni vumbi. Lile vumbi laini la Kedong na Soysambu, ambalo madereva wa mashindano ya dunia ya mbio za magari wamelizoea tangu Safari iliporejea katika ratiba ya mashindano hayo mwaka 2021 na kuweka kambi Naivasha, ndilo hilo hilo lililokuwa likipenya vichujio vya hewa vya magari ya 1971. Likichanganyika na oili huwa msasa.

Kutoka hapo kazi huhamia kwa fundi wa mashine. Silinda hupimwa kwa geji juu, katikati na chini, kwanza kwa mwelekeo mmoja kisha kwa kuukata mwelekeo huo, kwa kuwa silinda iliyochakaa haiwi duara tena. Ikiwa imelika kupita kiasi, huchongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, kwa kawaida kwa nusu milimita au milimita nzima. Shingo za krankshafti nazo husagwa, zikatafutiwa bearingi zilizo nene kufidia chuma kilichoondolewa. Kisha silinda hupigwa msasa wa mawe kwa mistari inayokingamana, kama kazi ya ukili. Mistari hiyo hushika oili. Silinda inayong'aa kama kioo hupendeza kwa macho lakini ringi hazitakaa humo, na injini itatoa moshi wa bluu maisha yake yote.

Kusuka upya ni kazi ya vipimo kuliko nguvu. Kila ringi husukumwa peke yake ndani ya silinda, na mwanya unaobaki kati ya ncha zake hupimwa kwa fila geji. Kwa silinda ya milimita 83, mwanya wa karibu sehemu tatu za kumi za milimita unatosha. Ukiwa mdogo mno, ringi itatanuka kwa joto, ncha zigongane, ivunjike. Kwenye bearingi hulazwa uzi laini wa plastiki, kifuniko kikakazwa kwa spana ya toku na kufunguliwa tena. Upana wa uzi uliosagika huonyesha nafasi iliyoachiwa oili, nafasi ndogo kuliko unene wa unywele.

Halafu kuna mtego ambao umewaumbua wengi. Katika L24, kijiti kimoja huendesha pampu ya oili kwa chini na distribiuta kwa juu. Pistoni ya kwanza ikiwa juu kabisa, ulimi wa kijiti hicho hutakiwa kulala kama mshale wa saa inayoonyesha saa 5 na dakika 25. Ukikosea jino moja, pampu itafanya kazi vizuri kabisa na injini itakataa kuwaka, au iwake ikipiga risasi kwenye bomba la moshi. Fundi asiyejua atahangaika na kabureta mchana kutwa, na kosa liko chini ya injini.

Valvu nazo zinadai uamuzi ambao wabunifu wa 1969 hawakuufikiria. Petroli ya wakati huo ilikuwa na risasi, na risasi hiyo ilikinga viti vya valvu za moshi. Kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, petroli ya risasi iliondolewa kufikia mwanzo wa 2006. Ilikuwa hatua njema kwa afya za watoto, na mafundi wakajibu kwa kuweka viti vya chuma kigumu kila kichwa cha kale kinapofunguliwa.

Dakika 20 za kwanza

Injini mpya haiwashwi papo hapo. Plagi zote sita huondolewa, kisha stata huizungusha bure hadi geji ya oili ianze kupanda. Plagi hurudishwa, waya zikafuata mpangilio wa kuwaka wa 1-5-3-6-2-4, na ndipo ufunguo huzungushwa kwa dhati.

Ikishawaka haiachwi ikinguruma polepole. Hushikiliwa kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika 20, maana kamshafti mpya inahitaji oili nyingi ili isagane vyema na vidole vinavyosukuma valvu. Wakati huo fundi haongei na mtu. Jicho moja liko kwenye geji ya oili, la pili kwenye ile ya joto, pua inanusa petroli, na mkono uko karibu na swichi.

Petroli, hasa, haina mzaha Sachangwan. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka hapa, watu wakakusanyika kuchota, na moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa, na wengine walizikwa katika kaburi la pamoja kwa kuwa hawakuweza kutambulika. Katika eneo hili hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba mvuke wa petroli hutambaa chini bila kuonekana na kwamba cheche moja inatosha. Kabureta mbili za 240Z zimekaa juu ya bomba la moshi, upande ule ule wa injini. Bomba la mpira lililochakaa, au sindano ya kabureta inayovujisha, hudondoshea mafuta mahali pabaya kuliko pote. Kabla ya gari kupanda mlima, mipira yote ya mafuta hubadilishwa na mtungi wa kuzimia moto hufungwa mahali ambapo mkono wa dereva unafika.

Kitabu cha pwani, hewa ya mlimani

Sasa huanza sehemu inayomtenganisha fundi wa Nakuru na mwenzake wa Mombasa au Yokohama. Karibu kila tarakimu iliyo katika kitabu cha gari iliandikwa kwa kudhani kwamba injini iko karibu na usawa wa bahari.

Injini isiyo na turbo hutegemea hewa ijisukume yenyewe ndani ya silinda. Kwenye mita 2,500 shinikizo la hewa ni kama robo tatu tu ya lile la Mombasa. Pistoni huvuta ujazo ule ule lakini hupata hewa pungufu, na nguvu hupungua karibu kwa kiasi hicho hicho. Farasi 151 wa kiwandani hubaki kama 115 gari linapokaribia Mau Summit. Gari halijaharibika, na mwenye gari anayelalamika kwamba injini mpya haivuti anahitaji kuonyeshwa hesabu hiyo kabla hajaomba kurudishiwa pesa.

Kipimo cha kompresheni nacho hudanganya vivyo hivyo. Geji hufungwa mahali pa plagi na stata huzungusha injini. Kitabu husema silinda yenye afya ifike pauni 170 na zaidi kwa inchi ya mraba. Hapo Nakuru injini ile ile, mpya kabisa, itaonyesha pauni 130 na ushei, na juu Sachangwan chini ya hapo. Fundi anayeamini tarakimu bila kuangalia alikosimama anaweza kufumua tena injini isiyo na kosa. Kinachofaa kutazamwa ni tofauti kati ya silinda na silinda: ya chini kabisa isipungue asilimia 80 ya ya juu. Uwiano huo haubadilishwi na mlima.

Maji ya rejeta yana siri yake pia. Mombasa huchemka kwenye nyuzi 100. Nakuru huchemka kwenye 94 hivi, na karibu na Mau Summit hayafiki 92. Themostati ya kawaida hufunguka kwenye nyuzi 82. Kwa hiyo kati ya joto la kawaida la kazi na kuchemka kuna nyuzi kumi tu, kama si kifuniko cha rejeta kinachoyafungia maji kwa shinikizo na kupandisha kiwango hicho. Mtu anaweza kutumia fedha nyingi kwa pistoni na bearingi, kisha injini ikachemka kwa kilomita ya kwanza ya mlima kwa sababu ya mpira wa kifuniko uliokauka.

Halafu kuna kabureta. Hewa inapopungua, mafuta hayapungui kwa kiwango hicho. Mchanganyiko huwa na petroli nyingi mno, moshi ukawa mweusi na plagi zikaingia masizi. Kabureta za 240Z zina nati chini yake. Kuishusha huongeza mafuta, kuipandisha huyapunguza. Mwanzo wa kawaida ni mizunguko miwili na nusu kutoka juu kabisa. Kwa mlima wa Mau hupandishwa kidogo. Taimingi nayo huweza kusogezwa mbele kwa digrii chache, maana mchanganyiko hafifu huungua taratibu zaidi.

Lakini gari lililotegewa Sachangwan likiteremka moja kwa moja hadi Mombasa litakuwa na njaa ya mafuta, na njaa ya mafuta huleta joto linaloweza kutoboa pistoni. Hilo lilikuwa fumbo la Safari ya zamani, iliyoweza kushusha gari hadi Dar es Salaam na kulipandisha tena nyanda za juu katika shindano moja la maelfu ya kilomita. Anayetafuta usalama huacha mafuta yazidi kidogo: moshi mweusi ni aibu, pistoni iliyotoboka ni mwisho wa safari. Magari ya leo yanayopita Naivasha hayana shida hiyo kwa ukubwa huo. Turbo husukuma hewa kwa nguvu na kompyuta hupima mafuta kila wakati.

Wanaobaki na spana na masikio ni watu wa magari ya kale. Wako wanaojiandaa kwa East African Safari Classic, iliyoanzishwa 2003 wakati Safari ya kwanza ilipotimiza miaka 50. Wako pia wanaolenga Africa Concours d'Elegance, mashindano ya umaridadi wa magari yaliyoanza 1970 na ambayo hufanyika katika uwanja wa farasi wa Ngong, Nairobi. Kule boneti hufunguliwa na waamuzi huinama kutazama hata chini ya gari. Mlima wa Sachangwan huangalia mambo mengine.

Kupanda, kushuka, kupanda tena

Safari ya majaribio hufanywa mapema, kabla malori hayajajaa. Hadi Salgaa gari huendeshwa kwa upole, kasi ikibadilishwa badilishwa. Kuanzia hapo mguu hukanyaga zaidi, kwa gia ya tatu, injini ikibeba mzigo lakini haikimbizwi. Ringi mpya zinahitaji shinikizo la moto nyuma yake ili zikandamizwe kwenye ukuta wa silinda na kujisaga zikae. Injini iliyobembelezwa kwa kilomita elfu moja za mjini huweza kuzeeka na ringi ambazo hazikukaa kamwe.

Kushuka kuna kazi yake. Mguu ukiondolewa na gia ikibaki mahali pake, mvuto ndani ya silinda huvuta oili ipande kwenye ringi, ikaziosha na kuzipoza. Nyuma ya gari mtu hutazama bomba la moshi. Wingu la bluu linalotokea mguu unaporudi kwenye mafuta baada ya mteremko mrefu huelekeza kidole kwenye mipira ya valvu.

Mteremko huo huo umeua watu kwa sababu ya kinyume chake. Madereva wa malori wanaotaka kuokoa dizeli huweka gia huru, lori likaserereka kwa uzito wake, na breki zilizopata moto zinapochoka hakuna kinachobaki cha kulishika. Eneo la Salgaa na Sachangwan limezika wengi kwa namna hiyo. Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, katika eneo hilo hilo, na watu 36 wakafa. Ndiyo maana dereva wa majaribio hutazama kioo cha nyuma kuliko anavyotazama geji, na hasimami kwenye kona hata kama injini inabisha.

Mahali pa kusimama ni juu, penye nafasi pana nje ya barabara, mara tu baada ya mvuto mrefu. Swichi huzimwa ghafla ili plagi zibaki na rangi ya kazi na si rangi ya kunguruma bure. Hutolewa moja moja zikiwa bado zinachoma vidole, zikapangwa kwenye kitambaa juu ya boneti kwa mpangilio wa silinda. Kabureta ya mbele hulisha silinda ya kwanza hadi ya tatu, ya nyuma hulisha ya nne hadi ya sita, kwa hiyo safu hiyo husomwa kwa nusu mbili. Tatu za nyuma zikiwa na rangi ya maandazi yaliyoiva na tatu za mbele zikiwa nyeusi kama chungu, hakuna haja ya kugusa chochote isipokuwa nati moja. Hupandishwa robo ya mzunguko. Plagi hupanguswa, hurudishwa, na gari hugeuzwa kuelekea Salgaa kwa gia ya tatu, likaanze mlima upya.